Joto la Silinda ya Tatu

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na upepo mdogo. Fundi wa ndege alitia sahihi kwenye daftari kwamba injini ni salama. Alijua silinda ya tatu ina ufa mwembamba kama unywele, lakini mwenye kampuni alimwambia silinda mpya iko njiani, atie sahihi tu. Fundi aliomba kimoyomoyo, "Ee Mungu, mshike mtoto wa dada yangu," akatia.

Rubani alikuwa huyo mpwa wake. Saa tatu na dakika kumi, akiwa juu ya milima, alivuta kishikio chekundu ili kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini, maana huko juu hewa ni nyepesi. Kwa kawaida rubani huvuta mpaka injini itetemeke, kisha husukuma kidogo ili ipate mafuta ya kuipoza. Mwenye kampuni alikuwa amekataza kusukuma. "Mafuta ni ya kuendea," alisema, "si ya kupozea."

Dakika hiyohiyo, karakanani, fundi aliwaka mwili mzima. Karani wa redio alimpima joto: arobaini na moja. Akammwagia maji, yakafuka mvuke.

"Malaria hiyo. Nenda nyumbani."

"Si malaria. Ni silinda ya tatu. Mwambie asukume."

Karani alimwita rubani redioni, akamweleza. Rubani akasukuma kishikio upana wa kidole. Fundi akapoa, akaomba chai.

Mwenye kampuni alitoka ofisini, akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Vuta tena."

Kiti cha plastiki kikaanza kulainika chini ya fundi.

"Mjomba, mbona kimya? Uko salama?" redio iliuliza.

"Naiva, mwanangu. Sukuma."

Alisukuma. Mwenye kampuni aliguna kwa kuridhika. "Kumbe kipimo tunacho!" Akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo fundi akae kando ya redio kila safari. Rubani atavuta mpaka fundi afike arobaini, hapo ndipo asukume.

Ndege ilitua saa tano. Rubani alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, akamgusa paji la uso, akarudisha mkono haraka.

"Bosi, silinda inabadilishwa lini?"

"Iko njiani."

"Na mjomba akipasuka nikiwa juu?"

"Hapasuki. Ameshatia sahihi."

Karani aliinamisha macho, na mfagiaji akaacha kufagia. Mwenye kampuni aliwaona, akawaita wote wasogee, asije mtu kusema baadaye kwamba hajali wafanyakazi wake. Akainua mkono wa kulia.

"Naahidi mbele yenu nyote," alisema. "Kesho asubuhi, kabla ndege haijaruka, fundi wetu atakuwa na feni."