Mita ya Hasira

Waya mweusi ulichomoza uvunguni mwa kitanda cha mama kama mkia wa panya. Dada mtu, aliyekuwa amepiga magoti akitafuta ndala, aliuvuta, na nyuma yake ikaja mashine ya gemu ya utotoni mwao, imevaa vumbi hata rangi haionekani. Kaka yake, aliyesimama mlangoni asijue mikono aiweke wapi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Hiyo bado ipo?"

"Vitu vya nyumba hii haviendi popote," dada akajibu. "Watu ndio huenda."

Kaka akalimeza hilo. Alikuwa fundi wa lifti katika mji wa mbali, na tangu mama apigwe na kiharusi alikuwa mtu wa simu: mama kala, mama kalala, haya, wasalimie. Dada ndiye aliyemwogesha mama, akamvisha, kisha akakimbilia karakana kuchonga meno bandia hadi vidole vikafa ganzi. Kila simu ya kaka ilimwongezea donge la hasira. Donge hilo ndilo lililomwamsha alfajiri. Alilichukia, lakini aliogopa zaidi siku litakapoyeyuka, maana hakujua atasimama kwa nguvu zipi.

Alasiri kaka aliifungua mashine, akaisafisha kwa brashi ya rangi, akaiunga na runinga ya sebuleni. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mto ukiegemeza upande wake uliolegea. Kioo kikamemeteka, ukatokea msitu wa zambarau, na mashujaa wao wawili wakiwa palepale walipoachwa.

Katika gemu ile mashujaa wengi walikuwa na bakuli la buluu la nguvu za uchawi: hupungua wakiroga, hujaa wakilala. Wawili hawa walikuwa na mambo yao. Mwanamke wa upanga, ambaye dada hakukubali kumwachia mtu, hakuwa na bakuli ila mita nyekundu ya hasira. Ilianza tupu, ikapanda kila alipopigwa, na hapo ndipo mapigo yake yalipopata uzito. Akitulia, ilishuka. Ndiyo maana zamani dada hakumpumzisha hata kidogo. Alimkimbiza kutoka vita hadi vita, anachuruzika damu, mita imejaa pomoni. Naye mwimbaji wa kaka alikuwa na bakuli, ila halikujaa kwa usingizi. Lilijaa pale tu mwenzake wa karibu alipoumia, na hapo nyimbo zake zikaweza kuponya. Dada alimpachika jina la Kupe.

Sasa walicheza, vidole vikikumbuka njia. Kupe alimfuata mwanamke wa upanga unyounyo.

"Unanizibia njia," dada akasema. "Kama zamani."

"Nikikaa mbali nawe bakuli linakauka. Huyu hana kitu chake mwenyewe."

"Kwa nini basi ulimchagua? Wewe ndiye mkubwa, ungeshika yeyote."

Kaka hakuondoa macho kwenye runinga. "Wengine wote wanaweza kwenda peke yao."

Dada akabonyeza kitufe cha upanga. Adui mmoja akaanguka, na mwingine.

"Nikipiga simu unaniambia kila kitu kiko sawa," kaka akaendelea, taratibu. "Nikikata, nabaki nimekaa. Nasema, basi, hanihitaji."

"Ungeuliza mara ya pili."

"Ningeuliza. Ndiyo."

Hakuongeza utetezi, na kwa kuwa hakuongeza, dada alikosa pa kumshika. Kwenye kioo mwanamke wa upanga alikuwa amebakiwa na uhai kiduchu, hasira imefika kileleni, na msitu mzima haukuwa na adui hata mmoja.

"Mkalishe," kaka akasema.

"Hasira itaisha."

"Iishe. Damu itarudi."

Dada alisita, kidole gumba juu ya kitufe, kana kwamba mtu wa kweli angedhurika. Kisha akabonyeza. Mwanamke akaketi kwenye nyasi. Wekundu ukaanza kushuka, polepole, hadi mita ikawa tupu kabisa, jambo ambalo utotoni hawakuwahi kungoja kuliona. Hakufa. Alilaza upanga kando, akavua kofia ya chuma, akazifungua nywele. Zilikuwa ndefu, zikamwagika hadi kiunoni.

"Kumbe ana nywele," kaka akasema.

Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kicheko kilichochelewa kufika lakini kikafika. Dada alihisi machozi yakimjia, wala hakujua ni ya nini hasa: ya sebule hii walipokuwa wadogo, au ya uchovu uliopata pa kukaa.

"Dawa ya mama ni saa ngapi?" kaka akauliza.

"Sasa hivi."

Dada alianza kuinuka kwa mazoea, lakini kaka alikwisha kuondoka. Jikoni kabati likafunguliwa, likafungwa. Likafunguliwa jingine. Mama akamtazama binti yake. Glasi alizotafuta kaka zilikuwa juu ya sinki, na neno la kumwelekeza lilikuwa limeshafika ulimini. Dada akaegemea kiti, akanyoosha miguu, akaliacha.

Jikoni, droo ikavutwa.