Kompyuta ya Kasyoka Inaongea na Nani?

Watu wa ofisi ya ushirika wa ndengu pale Mukuyuni walizoea kumwambia Kasyoka "pole" kila walipompita, naye kila siku alitamani kuwauliza pole ya nini. Surua ilimnyang'anya macho akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na thelathini na nane, na kwa miaka tisa barua zote za ushirika zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kompyuta ilimsomea kwa sauti kila kilichokuwa kwenye skrini, naye akachapa bila kubahatisha. Hiyo pole wangempa Kiama, meneja, aliyechapa kwa kidole kimoja.

Jumatatu moja Kasyoka alikwenda Ikutha kumzika shangazi yake. Jumanne akarudi kazini, akawasha kompyuta na kungoja ile sauti imsalimu. Kimya. Akazima, akawasha tena. Kimya. Jumatano akaja na spika yake ya nyumbani, ambayo asubuhi hiyohiyo ilikuwa imemsomea habari kwenye laptopu bila taabu. Hapa haikutoa hata mkwaruzo. Basi spika haikuwa na kosa, na nyumbani hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kompyuta hii, na alitaka kulijua.

Kiama hakutaka kulijua. Alimwita Ben, mpwa wake, fundi wa simu pale sokoni, aliyekabidhiwa kazi zote za kompyuta kwa sababu ya ujomba tu. Ben akabofya hapa, akabofya pale, akashusha pumzi.

"Madam, hii software ya vipofu imekufa."

"Umeangalia nini ukajua imekufa?"

"Si haiongei?"

Kiama akaingia na kuanza kumvika Kasyoka kilemba cha ukoka. "Kasyoka, wewe una roho ya watu. Tumeona ukae pale kwa gate, ukaribishe wageni, uwapatie chai. Kazi laini. Hii meza Ben ataishikilia. Kesho saa nne kamati inapitisha."

Miaka tisa, na leo anakabidhiwa birika!

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, meneja," alisema. "Mimi sitoki hapa mpaka nijue shida iko wapi."

"Kamati itasema," Kiama akajibu, akaenda zake.

Alhamisi Kasyoka alifika mapema, kukiwa na Nduku peke yake, mama wa chai, ambaye ofisi nzima ilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alimwomba amwazime macho kidogo, kisha akabonyeza vitufe alivyovijua kwa kichwa na kufungua ukurasa wa mipangilio ya sauti.

"Mwaitu, unaona nini hapo?"

"Kuna kamstari ka kijani. Ukibonyeza kitu, kanaruka."

"Kanaruka?" Kasyoka akajaribu tena.

"Si nakwambia! Kanaruka kama panzi."

"Basi haijakufa. Inaongea." Kasyoka akainamia spika. "Lakini inaongea na nani?"

Akapiga magoti, akapeleka mikono nyuma ya kompyuta. Kwa miaka tisa nyaya zake zilikuwa nne, na alizijua zote kwa vidole. Leo zilikuwa tano. Ule wa tano ulikuwa na kichwa bapa na bado ulinuka upya. Akaufuata kwa mkono hadi ukutani, mpaka kwenye tundu ambalo vumbi la simiti lilikuwa bado limelala chini yake.

"Hii inaenda wapi?"

"Ni ya TV mpya, huko chumba cha kamati. Ben aliiweka Jumatatu ukiwa matanga, ati wasome ajenda ukutani." Mara Nduku akaziba mdomo kwa kiganja. "Wuui, Kasyoka! Siku hiyo mwenyekiti, mzee Ndeti, akiwa katikati ya maombi, hiyo TV ilianza kuongea Kizungu mbio mbio. Mzee akasema hayo matangazo ya shetani yanyamazishwe. Mimi ndiye nilibonyeza remote!"

Maombi ya mzee Ndeti yalijulikana hadi Kasikeu kwa urefu wake. Kasyoka akacheka mpaka akaketi sakafuni. Kumbe waya ule uliichukua sauti ya kompyuta yote na kuipeleka kwenye TV, nayo TV ikazibwa mdomo kwa sababu ya amina. Angeweza kuirudisha kwenye spika papo hapo, kwa vitufe vinne tu. Mkono ulishaanza kwenda. Kisha akaurudisha.

"Mwaitu, usimwambie mtu. Niletee hiyo remote, unionyeshe kitufe ulichobonyeza."

Saa nne kamati ikakaa. Mzee Ndeti akaomba, akaomba tena, hatimaye amina. Ben akafungua ajenda kwenye kompyuta ya Kasyoka, ikatokea ukutani kule ndani, naye akaenda kusimama nyuma ya mjomba wake. Hapo Kasyoka akaingia na remote mkononi.

"Kasyoka, ngoja uitwe," Kiama akasema.

"Nimengoja tangu Jumanne."

Akabonyeza. Akageuka, akauacha mlango wazi, akaketi mezani pake na kuiamuru kompyuta isome. TV ikapaza sauti, kwa Kiswahili cha mzungu aliyeshuka ndege jana:

"Ajenda ya nne. Kumhamisha karani Kasyoka hadi langoni, kwa sababu kompyuta yake haiongei."

"Meneja," mzee Ndeti akauliza taratibu, "ni nani ameongea sasa hivi?"

Ben akakimbilia meza ya Kasyoka kuchomoa waya.

"Wacha hiyo waya!" Kasyoka akamkemea, na Ben akaganda alipokuwa. "Siku tatu mmesema haiongei. Leo mtaisikiliza. Mwenyekiti, ajenda ya nne niandike nini?"

Mzee Ndeti alicheka kwanza, cheko la mtu aliyeitambua ile sauti aliyoinyamazisha Jumatatu, akajua hata yeye ana lake la kujibu. "Andika imefutwa, mwanangu. Na mimi nisamehe."

Kasyoka angeweza kulichapa neno hilo kufumba na kufumbua. Alilichapa herufi moja moja, makusudi, na TV ikaitaja kila herufi mbele ya meneja. Alipofika mwisho, akaiamuru isome tena tangu mwanzo.