Oveni Ile ni ya Nani

Chuoni walimwita Mwalimu tu, kana kwamba wengine wote waliofundisha pale walikuwa wapita njia. Alikuwa amesoma taarifa ya habari kwenye redio ya taifa tangu usichana wake, mpaka sauti ilipoanza kukwaruza, ndipo akaletwa kufundisha vijana kazi ya utangazaji. Chumba chake cha mazoezi kilikuwa stoo ya zamani iliyobandikwa trei za mayai ukutani ili kuua mwangwi, na maikrofoni yake moja ilivishwa soksi nyeusi kwa sababu sifongo ilishachakaa.

Kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa lile lile.

"Kabila la mtu si habari," aliwaambia. "Mwizi akiiba, ni mwizi. Ukishataja kwao ni wapi, umewafunga na shangazi zake."

Wanafunzi walicheka wakaandika. Walikuwa mchanganyiko: watu wa bondeni, ambao ndio wengi mjini, na watu wa mlimani, ambao babu zao walishuka kufanya biashara wasirudi tena. Mwalimu mwenyewe alizaliwa wa bondeni. Mumewe, mwoka mikate, alikuwa wa mlimani. Zamani ndoa yao ilisemwa sana, halafu watu wakachoka kuisema.

Katika wanafunzi wake wote, hakuna aliyemfurahisha kama kijana waliyempa jina la Kinanda. Ile sauti! Akikutangazia msiba wa mjomba wako, ungemwomba arudie. Alitoka familia ya bondeni isiyo na kitu, hivyo Jumapili Mwalimu alimwita nyumbani ale, asome na kupiga pasi shati lake. Ndani ya nyumba ile alimwita Mwalimu "Mama" na mwoka mikate "Baba". Mchana alikwenda kushinda bekari, akifundishwa kukanda na Fundi Unga, mzee wa bondeni aliyefanya kazi na mwoka mikate tangu tofali la kwanza la oveni lilipowekwa. Kijana alikuwa na mikono ya kuandika, si ya kukanda, na Fundi alimtania kwamba mkate wake unafaa kuzuia mlango usijifunge.

Alipohitimu, alichukuliwa na redio mpya iliyokuwa ikitangaza kwa lugha ya bondeni. Mwenye redio alikuwa mfanyabiashara aliyekwisha kutangaza nia ya kugombea. Hilo halikumpendeza Mwalimu, lakini kazi ni kazi, na mtoto ni mtoto. Kipindi cha asubuhi cha Kinanda kikashika mji. Kwenye saluni, kwenye karakana, kwa muuza magazeti, sauti ilikuwa hiyo moja. Mwalimu alimsikiliza akipiga pasi, akitabasamu peke yake.

Kisha watoto wa shule ya msingi wakaugua. Walikula mkate saa ya mapumziko, wakanywa maji ya tangi la shule, na kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia wengi walikuwa wanatapika uwanjani. Hakufa mtu, ila mji mzima ulikesha na hofu. Mkate ulitoka bekari ya mumewe Mwalimu.

Asubuhi iliyofuata, Kinanda alianza kwa upole.

"Wapenzi wasikilizaji, mimi simnyooshei mtu kidole. Mimi nauliza tu. Watoto wetu wamekula mkate. Mkate hauoti shambani, mkate hutoka kwenye oveni. Sasa, oveni ile ni ya nani?" Akashusha sauti. "Tusiseme. Tunajuana."

Halafu akanyamaza. Mwalimu, pasi mkononi, aliutambua unyamavu ule. Ni yeye aliyemfundisha: ukishauliza swali zito, nyamaza, mwache msikilizaji ajijibu moyoni. Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Wa kwanza alisema wageni wameshiba sasa wanatuua. Wa pili alisema siku zote alijua. Kinanda akawaambia wote, "Ahsante kwa maoni yako."

Mwalimu aliiacha pasi juu ya gauni, akampigia mumewe.

"Funga, urudi nyumbani."

"Nifungeje, mikate iko motoni?"

"Funga, nakwambia!"

"Mke wangu, hawa ni majirani zangu. Waje, nitazungumza nao."

Walikuja kabla ya adhuhuri, na hawakuja kuzungumza. Mwoka mikate alikuwa nyuma, kwenye magunia. Aliyesimama mlangoni ni Fundi Unga, kajifunga aproni, anapunga mikono na kuwaambia kwa lugha yao, "Jamani, ni mimi! Ni mimi!" Lakini alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi nyusi, na kelele zilikuwa nyingi. Kipande cha tofali kikampiga usoni. Wakamruka pale alipoanguka, wakaingia. Walibeba trei, walibeba unga, waliivunja oveni kwa nyundo. Jirani mmoja, mama aliyenunua mkate pale kila asubuhi, aliondoka na mizani kaikumbatia kama mtoto mchanga. Mwoka mikate alitorokea dirisha la kupitishia kuni. Alipofika nyumbani, Mwalimu hakumtambua mara moja. Alidhani ni mzee fulani amepotea njia.

Jicho la kushoto la Fundi Unga halikuokoka.

Mwalimu alimkuta wodini kafungwa bendeji nusu ya uso. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo kwenye mto, na ndani ya redio alikuwa Kinanda, akicheka na msikilizaji.

"Ongeza kidogo," Fundi alimwambia jirani yake. "Huyo ni kijana wetu."

"Fundi," Mwalimu akasema, "huyo ndiye aliyewatuma watu."

"Hapana, Mwalimu. Yeye kauliza tu. Hawa wameniumiza kwa bahati mbaya. Walidhani mimi ni wa kule."

"Na kama ungekuwa wa kule?"

Fundi aligeuzia ukuta jicho lililobaki. "Ningekuwa wa kule," akasema, "nisingesimama mlangoni."

Kutoka hospitali Mwalimu alikwenda moja kwa moja redioni. Jengo lilikuwa jipya, kapeti nene, vioo kila upande. Kinanda alipoambiwa nani kamjia, alitoka mbio, akainama.

"Shikamoo, Mama."

Mwalimu hakuitikia. Kijana akamwingiza kwenye chumba kidogo cha kuhariri, akafunga mlango.

"Fundi amepoteza jicho," Mwalimu akasema.

"Nimesikia, Mama. Nimelia."

"Ulijua oveni ile ni ya nani."

"Nilijua." Hakukwepesha macho. "Lakini nilitaja jina? Nilitaja kabila? Sikiliza mwenyewe." Akabonyeza, na ile sauti tamu ikajaa chumba. "Nionyeshe neno moja la uongo, nitaacha kazi leo."

Mwalimu alisikiliza kama anasahihisha mtihani. Sentensi fupi. Hakuna tuhuma. Hakuna tusi. Wasikilizaji walipewa nafasi, wakashukuriwa. Alitafuta mahali pa kuweka wino mwekundu, hakupaona.

"Ulitufundisha tusitaje," Kinanda akasema. "Sikutaja."

"Niliwafundisha msitaje ili watu wasichukiane!"

"Hiyo haikuwemo kwenye mtihani, Mama."

Hakusema kwa dhihaka. Kama angedhihaki, Mwalimu angepata pa kumshika. Alisema kwa masikitiko, kama mtu anayekuonyesha kifungo kilichokatika kwenye nguo yako.

"Bosi alitaka niwataje wazi," akaendelea. "Mimi ndiye niliyekataa. Angekuwa mwingine pale, angetaja mpaka nyumba. Mimi nilipunguza moto."

"Basi kesho uuzime. Sema umekula mkate wa oveni ile miaka yote ya masomo yako, na hujawahi kuumwa hata tumbo."

Kinanda alitazama kioo. Upande wa pili fundi mitambo alikuwa akimwonyesha saa.

"Bosi hatanielewa."

"Na mimi je?"

"Wewe utanisamehe," akasema. "Wewe ni mama."

Mwalimu akachukua mkoba wake. Alipopita mapokezi, binti wa pale alimtakia siku njema.

Watu wa afya walipofungua tangi la shule walikuta njiwa wameoza ndani. Habari hiyo ilisomwa na mtu mwingine, si Kinanda, baada ya matokeo ya mpira na kabla ya tangazo la sabuni. Aliyekuwa akiosha vyombo asubuhi hiyo hakuisikia. Mwalimu akapeleka malalamiko baraza la habari. Walimkaribisha kwa heshima, wengi wao alikuwa amewafundisha, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakamweleza kwamba kipindi hakikutaja kabila lolote, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Kanuni yenyewe alisaidia kuitunga.

Kilichobaki ni darasa. Siku hiyo hakuwasalimu. Aliweka rekodi, wakaisikiliza wote ndani ya zile trei za mayai.

"Haya. Kosa liko wapi?"

Msichana wa mlimani akasimama. "Kosa ni kwamba ninyi mna redio ya kutusema, sisi hatukuwa nayo."

"Si mmeshafungua yenu?" mvulana wa bondeni akadakia. "Kwani huko mnatusifia?"

Viti vikaburuzwa. Mmoja akamwita mwenzake mgeni, mwenzake akamwita mla bure. Ndipo Mwalimu alipogundua jinsi walivyokuwa wamekaa: wa bondeni upande wa madirisha, wa mlimani upande wa mlango. Hakujua walianza lini. Yeye, aliyejisifu kwa kuona, hakuwa ameona.

"Nawauliza kuhusu kazi!" akapaza sauti. "Siwaulizi kuhusu kwenu!"

Mtu wa nyuma akauliza, taratibu kabisa, "Na wewe Mwalimu, leo unaongea kama mwalimu, au kama mke wa mtu?"

Alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, alilitoa kila mwaka kwa maneno mazuri. Lakini akajiuliza: ingekuwa bekari ya mtu asiyemjua, angekwenda redioni siku ile? Angeacha hata pasi? Akaufunga mdomo. Darasa likauona ukifungwa.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Asubuhi yake kipande kikarushwa kwenye kipindi cha Kinanda: mwalimu mmoja, jina tusiseme, aliyeolewa tunakojua, anawagombanisha watoto wetu darasani. Baada ya hapo Kinanda hakuongeza neno. Alinyamaza tu.

Mkuu wa chuo akamwita, akamkalisha, akamwagizia chai.

"Dada yangu, wewe ni hazina ya chuo hiki."

"Sema tu, kaka."

"Ile redio inatujengea studio. Studio ya kweli, siyo mambo ya soksi. Sasa, kwa hali ilivyo, pumzika muhula huu. Moto ukipoa, utarudi."

"Darasa langu atalichukua nani?"

Mkuu alianza kutafuta miwani mezani, na miwani ilikuwa kwenye paji la uso wake. "Wanafunzi wamemwomba wao wenyewe," akasema. "Kijana wako."

Mwalimu akaicheka ile miwani, akacheka mpaka mkuu akaogopa. Chai hakuigusa.

Nyumbani alimkuta mumewe anafunga nguo. Kaka yake alikuwa na bekari huko juu, mlimani, na alihitaji mtu.

"Twende wote," akasema.

"Nitaongea lugha gani sokoni?"

"Utazoea."

"Wewe ulizoea hapa?"

Mwoka mikate alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilidhani nilizoea," akasema.

Akaenda peke yake. Mwalimu alibaki kwa sababu Fundi Unga alihitaji mtu wa kumpeleka kliniki, na kwa sababu alidhani muhula mmoja ni muhula mmoja. Muhula ukaisha, ukaja mwingine, hakuna aliyempigia simu. Majirani walirudi kumsalimia, wakamwuliza mzee atafungua tena lini, maana mkate wa dukani hauna ladha. Yule mama wa mizani naye aliuliza.

Mwisho wa mwezi mmoja alipanda basi kwenda kumwona mumewe. Safari nzima hakuongea na mtu, maana lafudhi yake ingemtaja. Alifika mchana, akaizunguka nyumba ya shemeji yake mpaka bekari iliyokuwa nyuma, akasimama mlangoni na mkoba wake. Hawakumwona. Shemeji alikuwa anapanga trei, vijana wanabeba kuni, mumewe kazamisha mikono kwenye kinyunga cha mkate. Redio ilikuwa juu ya rafu, inatangaza kwa lugha ya mlimani. Lugha ile Mwalimu aliielewa vizuri, baada ya ndoa ndefu kama ile. Hata mtangazaji alimtambua: binti mmoja hodari, aliyesoma darasa moja na Kinanda.

Habari ilikuwa ya basi moja lililopinduka barabara kuu. "Mimi simlaumu mtu," binti alisema, kwa sauti safi, kila herufi mahali pake. "Naomba tu mnisaidie kujiuliza. Dereva alitokea wapi? Tuache hapo. Masikio mnayo." Akanyamaza, kwa urefu ule ule waliofundishwa.

Bekari nzima ikacheka. Mumewe naye akacheka, cheko la tumboni, lile ambalo Mwalimu hakuwa amelisikia tangu oveni ivunjwe. Aliinua kichwa kupangusa jasho, akamwona.

Cheko likakatika. "Umefika," akasema. "Umekula?"

"Nimekula njiani."

Akanyoosha mkono uliojaa unga kuizima redio.

"Acha kwanza, bwana," kaka yake akasema. "Tumsikilize."

Mwoka mikate alimtazama kaka yake, akamtazama mkewe. Kisha akaurudisha mkono kwenye kinyunga.