Kigezo cha Maji

Jumamosi saa tatu asubuhi, kamati ya maji ya mtaa mmoja wa Annexe, pembezoni mwa jiji, ilikaa barazani kwa mwenyekiti wake, Papa Gauthier, kuamua kisima kichimbwe wapi. Wafadhili walikuwa wametoa mashine ya kuchimbia kwa siku moja tu. Viwanja vilivyoshindana vilikuwa viwili: cha Mama Léonie, mkulima wa lengalenga, yaani mchicha, na cha mwenyekiti mwenyewe.

Katibu alikuwa Franck, mwalimu wa hesabu. Franck hakuamini ubishi wala ndoto za watu; aliamini jedwali. Alikuwa amechora moja safi, vigezo vitano, alama ishirini, akampa kila mjumbe nakala. Nyumbani alikuwa amelijaza kwanza peke yake. Kigezo cha kuwepo kwa maji ardhini alikipa alama kumi, na Mama Léonie akashinda. Franck alilitazama jibu lile kwa muda, akakumbuka kwamba shule anayofundisha ni ya Gauthier, na hapo akaona wazi kuwa kumi zilikuwa nyingi mno. Akaacha mbili. Nane zilizobaki akazihamishia kwenye kigezo cha ukuta na geti, ambavyo ni Gauthier tu aliyekuwa navyo. Hesabu yenyewe hakukosea hata tarakimu moja. Akili ni mali, na mali ilikuwa ya Gauthier.

Kabla ya kujumlisha alama, maji yaliingia. Yalitoka kwa Mama Léonie, yakavuka barabara ya vumbi bila kuacha tope, yakapanda ngazi, yakaketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa wazi, yakiwa na kimo cha mtu mzima. Gauthier aliuliza kama yalialikwa. Franck akapitia orodha, akasema hayakualikwa, ila kanuni hazikatazi.

"Basi, museme," Gauthier akasema.

"Miye niko kwa Mama Léonie, mètres quarante, arobaini tu chini," maji yakasema. "Huku kwa président hakuna kintu. Ni majiwe tu."

Mama Léonie alisimama. "Munasikia? Mayi yenyewe iko inasema! Mujukuu wangu Chancelvie anagonjwa typhoïde mara tatu juu ya mayi ya ile kisima ya karibu na WC. Munangojea muntu gani tena aseme?"

"Mama, hatukatale," Gauthier akamjibu kwa upole. "Lakini mayi iko na intérêt, faida yake, mu hii affaire. Haiwezi kuamua kama juge."

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Franck aliona aibu, aibu ya kweli. Kisha akaangalia jedwali, ikapita. Ushuhuda wa maji ulipewa alama zote mbili, bila upendeleo. Mama Léonie alipata saba, Gauthier kumi na nane. Katibu akaandika kwamba kamati inayashukuru maji kwa kufika.

Kesho yake mashine ilichimba kwa Gauthier tangu asubuhi mpaka jioni, ikafika mita themanini, ikatoa vumbi jeupe kama unga. Wafadhili wakasikitika, wakatoa siku moja nyingine.

Jumamosi iliyofuata kamati ikakaa tena. Maji nayo yalifika kwa wakati na kuketi kwenye kiti kilekile. Safari hii Franck alileta jedwali jipya lenye kigezo cha sita: kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa Gauthier kulikuwa na mita themanini, kwa Mama Léonie sifuri. Hata mjumbe aliyekuwa akisinzia aliona kwamba kutupa mita themanini ni ujinga. Hoja ya kuendelea kuchimba kwa Gauthier ikapita bila kura ya kupinga.

Mama Léonie aliyageukia maji. "Sasa miye nifanye namna gani?"

"Miye nilishasema, mama," maji yakajibu. "Sasa bantu ba kamati beko banahesabu."

Jumatatu, darasani, Franck aliita majina. Chancelvie, mjukuu wa Mama Léonie, hakuitika. Aliita tena, polepole, akingoja. Dawati lake lilikuwa tupu, na watoto wa madawati ya jirani walikuwa wameinamisha vichwa. Franck akatafuta sababu: huenda sare haijakauka, huenda bibi yake amemtuma sokoni, au ni uvivu tu wa watoto wa siku hizi. Akazipima zote kwa makini, akachagua uvivu, akauandika kwa wino mwekundu.