Mizani ya Sukari

"Mbwa kwenye mizani ya sukari? Mama Limi, unataka kunifungia duka!"

Nyamizi alimsogelea Herman kwenye kaunta. Alilikumbatia kapu lake. Ndani walilaliana watoto wa mbwa, mbavu nje, matumbo yamekaza kama ngoma. Uzao wa kwanza wa Semeni, mbwa wake, ulikwisha hivi hivi, na wa pili vilevile. Aliwazika mwenyewe nyuma ya zizi. Tangu mumewe afariki, Semeni ndiye aliyewazuia fisi wasiwafikie mbuzi wake. Sasa mbwa huyo alikuwa amezeeka, na huu huenda ukawa uzao wa mwisho.

Asubuhi hiyo, mnadani Tinde, Athanas bwana mifugo alikuwa amefunua mdomo wa mmoja wao. Ufizi ulikuwa mweupe.

"Minyoo, mama. Wameipata tangu tumboni mwa mama yao." Akampa chupa ndogo na kumweleza kipimo. "Lakini wapime uzito kwanza. Ukikisia, ukazidisha, dawa yenyewe itawaua."

"Baba," Nyamizi sasa alimwambia Herman pale dukani, sauti imemshuka, "nimechoka kuzika."

Herman alijikuna kidevu. Akachungulia nje, kama mwizi wa duka lake mwenyewe, kisha akatandika gunia juu ya mizani.

"Haraka basi. Kabla hajatokea mtu."

Yule mdogo kuliko wote hakufika hata nusu kilo.

Nyumbani, Nyamizi aliwanywesha dawa kwa kijiko, mmoja mmoja, akiwabembeleza kwa Kisukuma. Kesho yake minyoo ikatoka, imejiviringa kama nyuzi zilizoloa. Aliikwangua pamoja na kinyesi chote, akaichoma na majani waliyolalia, akatandika mapya. Akanawa mikono mpaka viwiko, akamwosha Semeni matiti kwa maji ya uvuguvugu.

Watoto wengine wakakimbilia kunyonya. Yule mdogo hakuinuka.

Nyamizi alimpakata, akamkamulia maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Yakamwagika pembeni mwa mdomo. Akajaribu tena, na tena.

Jioni Herman akabisha hodi. "Nimepita tu," alisema, ingawa nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa Tinde. Akachuchumaa, akachovya kidole katika maziwa, akakisogeza mdomoni mwa kile kiumbe.

Mbuzi wakacheua zizini.

"Mama Limi," Herman alinong'ona, "ananing'ata."

Wala hakukitoa kidole.