Kiingereza cha Mwalimu Hajira

Habari kwamba mtaala mpya unataka watoto waanze Kiingereza darasa la kwanza ilimkuta Mwalimu Hajira Mhina ofisi ya walimu pale Sindeni, anakunywa uji. Akaweka kikombe chini kabla hajamaliza.

Nusu ya kijiji kile ilijua kusoma kwa mkono wake. Tangu atoke chuo cha ualimu hakuwahi kufundisha darasa lingine zaidi ya la kwanza, wala hakutaka. Lakini Kiingereza alikiacha kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, na tangu siku hiyo hawakuwahi kutafutana.

Mwalimu mkuu, Yusuph, alimwita pembeni. "Mama, usijipe presha," alimwambia kwa upole. "Kustaafu kwako si mbali. Darasa la kwanza nitampa mwalimu kijana, wewe utashika michezo na bustani ya shule."

Alisema kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililouma. Hajira aliitikia, akatoka, akasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka macho yakakauka.

Kesho yake Mzee Sufiani akaja kulitonesha jeraha. Binti yake alifundishwa na Hajira, na sasa mjukuu wake Yusra alikuwa ameanza darasa hilo hilo. "Mwalimu, usinichukie," alisema, kofia mkononi. "Huyu mtoto nampeleka kwa shangazi yake, kule Manundu, Korogwe mjini. Wanasema huko Kiingereza kinafundishwa na wanaokijua."

"Nani kakwambia mimi sikijui?"

Mzee Sufiani akatazama chini.

"Niachie Yusra mpaka shule zifungwe," Hajira alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Asipotamka la maana, mpeleke hata Ulaya."

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, akamwambia jina lake liandikwe kwenye mafunzo ya mtaala mpya yanayofanyika Korogwe. Yusuph alimtazama usoni, akaliandika.

Siku ya kwanza ya mafunzo nusura arudi nyumbani. Ukumbi ulijaa walimu vijana, wengine wangeweza kuwa wanawe. Mwezeshaji, Godlisten, alikuwa mwembamba mwenye sauti kubwa, na aliwataka wajitambulishe kwa Kiingereza. Zamu ya Hajira ilipofika alisimama, akataja jina lake, kisha maneno yakampotea yote. Mtu mmoja nyuma akacheka, na Hajira akakaa chini, masikio yanawaka moto.

Godlisten akamwita anayefuata. Lakini baada ya chai alimgeukia. "Mwalimu Hajira, wewe unatoka Handeni vijijini. Mtoto akija kwako anajua Kizigua tupu, Kiswahili unamfundishaje? Hapa tuongee Kiswahili tu."

Swali hilo lilimfungua kama bomba. "Kwanza simfundishi," alisema, na watu wakacheka. "Naishi naye. Nasema simama, nami nasimama. Nasema kaa, nakaa. Kwao yeye anasema *mazi*. Mimi nachukua kikombe, nakunywa, nasema maji, nampa naye anywe. Siku ya tatu ananiomba maji mwenyewe, kwa sababu ana kiu! Sijamwandikia neno ubaoni. Ubao unakuja baadaye." Alikuwa ameshatoka kwenye kiti, anatembea katikati ya ukumbi, anaigiza mtoto, anaigiza mwalimu, anaimba wimbo wa kuingia darasani. Walimu walikuwa wanapiga makofi kufuata wimbo.

Alipomaliza, Godlisten alikuwa anatabasamu. "Kwa hiyo umefundisha lugha ya pili maisha yako yote. Sasa fanya hivyo hivyo, ila badala ya maji sema *water*."

Hajira alibaki amesimama. Aliwaona watoto wote waliopita mikononi mwake, walioingia mlangoni bila neno la Kiswahili na sasa ni wauguzi, madereva, makarani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ni taaluma. Mwenyewe aliiona ni kazi ya kila siku.

Kuanzia hapo hakujikunyata tena kitini. Matamshi yalimtesa, ulimi mzito, lakini kila mapumziko alimvizia Godlisten na maneno yake machache: hili natamkaje, na hili? Yule kijana aliyecheka ndiye aliyekuwa akimsikiliza na kumsahihisha njia nzima wakitoka kula, na wakaishia kuwa marafiki.

Aliporudi Sindeni alimwambia Yusuph, "Bustani mpe mwingine." Darasa la kwanza likabaki lake.

Hakuanza na kitabu. Alianza na mlango. Asiyesema *good morning* hakuvuka kizingiti, na mwalimu naye alizuiwa akijisahau, watoto wakampigia kelele kwa furaha. Walifungua madirisha kwa Kiingereza, wakanawa mikono kwa Kiingereza, wakagawana embe kwa Kiingereza. Alipokosea neno alisema amekosea, akaenda kuuliza, akarudi nalo sahihi.

Karibu na kufunga shule akaja mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani, mama mmoja aitwaye Josefina, ambaye walimu walimwogopa kuliko mvua ya mawe. Aliingia darasa la kwanza, akakataa kukaa, akasimama ukutani mikono nyuma. Wazazi waliokuja kuchukua matokeo walijazana madirishani, Mzee Sufiani mbele yao.

Somo likaenda. Watoto waliimba, wakataja vitu, wakatumana huku na huku. Josefina hakutikisa hata nyusi.

Ndipo Yusra akainuka. Hajira hakumwita. Mtoto alikokota kiti cha mwalimu, miguu ya kiti ikilia sakafuni, mpaka mbele ya mgeni. Akamtazama juu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "*Madam, you are tired. Sit down, please.*"

Hilo halikuwemo kwenye somo, wala kwenye wimbo wowote. Hajira alijikuta ameshika ubao.

Josefina akakaa. Halafu akacheka kicheko cha kutoka tumboni, akamvuta mtoto karibu. "*Thank you, my teacher,*" alimjibu.

Nje, mama mmoja alipiga kigelegele bila hata kujua kilichosemwa, na wengine wakadaka. Mzee Sufiani alikuwa akimshika bega kila aliyekuwa karibu. "Mjukuu wangu huyo! Kamkalisha mtu wa wilaya! Haendi Manundu wala wapi!"

Muhula uliofuata, Josefina aliagiza walimu wa darasa la kwanza wa kata nzima wakusanyike Sindeni, na mafunzo yaongozwe na Mwalimu Hajira. Yusuph mwenyewe alipanga viti, kisha akakaa mstari wa mbele na kalamu.

Hajira aliingia na kitenge kipya, akawaangalia wenzake waliokuwa wamejikunyata kama alivyojikunyata yeye Korogwe. Akapiga kofi moja.

"Haya, walimu wangu," alisema. "Wote tokeni nje, tunaanzia mlangoni."