Kamba Kwenye Nguzo ya Chuma

Hamad alipomwaga ndoo ya tatu ya maji kwenye mteremko, Alkesh alitoa kichwa dirishani mwa gari akapiga kelele.

"Sasa hii ni nini umefanya, bana?"

"Kwetu Pemba chombo hakishushwi pakavu," mume wangu alijibu. "Unalowesha, kinateleza chenyewe."

"Kwenu Pemba maji yanaganda?"

Hamad akatazama miguuni. Baridi ilikuwa nyuzi nne chini ya sifuri. Yale maji yalikwisha kuwa barafu, kutoka magurudumu ya trela hadi ukingo wa mto Thames. Aliiweka ndoo chini polepole, kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa tano mto ungejaa, kisha maji yangeanza kupwa, na hapo mbele yetu lingebaki tope tupu. Saa sita ile yadi ya boti ingefungwa moja kwa moja, na boti yoyote iliyobaki ingevunjwa kwa mashine. Ile boti ya uvuvi iliyokuwa juu ya trela ndiyo iliyomtoa Hamad kitandani. Tangu aumie mgongo ghalani, alikokuwa akifanya kazi na Alkesh, hakuwa na neno wala hamu ya kula, mpaka alipopewa lile gofu la boti na kuanza kuliziba. Nilijua ikivunjwa boti, atarudi kuutazama ukuta.

Langoni palikuwa na sanduku la manjano. Hamad siku zote aliyadhani masanduku yale ni ya taka, hata nepi ya mtoto wetu Najla aliwahi kutupa humo. Mimi mwalimu wetu wa darasa la jioni alinionyesha: ni chumvi ya barabarani, ya kuyeyushia barafu. Nikakimbia. Ilikuwa imegandana, nikaichokoa kwa koleo huku nikimwomba Mungu, Najla akilia ndani ya kigari chake kando ya ukuta. Ilitosha mistari miwili tu ya magurudumu, tena hadi nusu ya njia.

Alkesh akafunga kamba mbele ya gari, akaizungusha mara tatu kwenye nguzo ya chuma iliyokuwa juu ya mteremko, akanipa ncha.

"Shemeji, achia kidogo kidogo. Mimi narudi nyuma na trela. Ikiteleza, shika."

Nikashika. Gari likashuka, chumvi ikisagika chini ya magurudumu. Pale chumvi ilipoishia nikamwona Hamad akizunguka na kusimama chini, nyuma ya boti, mabega tayari kuizuia.

"Baba Najla, toka hapo!"

"Achia kamba!"

"Siachii. Toka kwanza!"

"Time, mke wangu, maji yanaondoka! Huyaoni?"

Nilikuwa nayaona. Mstari wa unyevu ulikwisha kujitokeza ukutani, upana wa vidole viwili.

"Wacha yaondoke," nikasema. "Boti nitailia mwezi mmoja. Wewe nitakulia mpaka lini? Mgongo wenyewe huo!"

"Mambo ya nyumbani mtamaliza nyumbani," Alkesh akalia kutoka ndani ya gari. "Mguu wangu unatetemeka kwa breki, jamani!"

Hamad hakutoka. Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena, macho ya mtu anayenyang'anywa. Vidole vyangu havikuwa na hisia. Nikavuta kamba zaidi, nikaketi chini kwenye baridi, miguu nimeikaza kwenye nguzo. Ukutani, vile vidole viwili vya unyevu vikawa vinne.

Ndipo akatema mate pembeni, akachukua kamba ya omo, ile ya mbele ya boti, akapanda ukingoni.

Nikaachia shibri moja ya kamba. Magurudumu yakagusa barafu na vyote vikaondoka, trela, boti na gari, Alkesh akiita miungu yake yote. Kamba ikanichoma viganja, ikauma nguzo, ikakaza. Gari likasimama, magurudumu ya nyuma majini. Boti ilikuwa imepita palepale aliposimama Hamad. Sasa ilikuwa inaelea, ikivuta kamba mkononi mwake.

Hamad akaifunga, akaja, akafungua viganja vyangu akavipulizia pumzi ya moto.

"Kizibo cha tundu la chini ya boti umeweka?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya alfajiri," akasema, na midomo ikamcheza. "Nimekikagua mara saba."

Kisha akaenda kumtoa Najla kigarini, ili naye aione.